Ruhusa ya Kufoka Mara Tatu

Jumatano, 14 Agosti

Siku tatu kabla ya mashindano ya klabu. Mashua kumi na tisa zimejiandikisha. Raundi tano: tatu Jumamosi, mbili Jumapili. Wa kwanza anapata pointi moja, wa pili mbili, hivyo hivyo mpaka mkiani. Mwishoni kila mtu anafutiwa raundi yake iliyo mbaya kuliko zote, na mwenye pointi chache ndiye bingwa. Hesabu safi. Ndiyo maana naupenda mchezo huu, ingawa wenyewe haunipendi.

Miaka miwili mfululizo nimeshindwa na Daktari kwa pointi moja. Ni daktari wa meno. Kikombe amekiweka kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, kati ya magazeti ya zamani na taya la plastiki. Kina tundu chini. Ningeliziba kwa dakika tano. Sijaombwa.

Mimi ni fundi bomba. Nilianza na spana moja na baiskeli ya kuazima, leo nina karakana na mafundi sita. Mashua yangu niliinunua ina ufa wa kuingiza mkono, nikaiziba mwenyewe. Daktari ya kwake alipewa na baba mkwe wake, na tanga lake, na koti la kuvaa ndani yake. Sisemi kitu. Naandika tu.

Jioni, pigo. Miaka kumi na moja mke wangu ndiye msaidizi wangu chomboni: mimi nashika usukani na tanga kubwa, yeye anakaa mbele na tanga dogo. Leo kabandika karatasi kwenye friji. Inasema mwaka jana, kwa siku mbili, nilimfokea mara arobaini na mbili. Mwaka huu ananipa ruhusa ya mara tatu. Ya nne, anahamia kwenye mashua ya Daktari.

Si kitisho cha hewani. Msaidizi wa Daktari kahamishwa kikazi, na Daktari ameshamwomba mke wangu, mbele yangu, pale langoni mwa klabu. Alisema shemeji, nafasi ipo, kama bwana ataridhia. Huo ndio uchafu wake: adabu.

Nikaipinga ile arobaini na mbili. Nilimwonyesha kuwa kumi na moja kati ya hizo nilikuwa naufokea upepo. Akasema upepo haukurudi nyumbani ukilia.

Zilizobaki ni thelathini na moja.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimepima mashua yote kwa mizani ya karakana, kitu kimoja kimoja. Kilo moja ikipungua, kwa hesabu yangu, ni sekunde nne kwa raundi. Nimetoa kasia la akiba: kilo moja na gramu mia mbili. Nimetoa sponji, sanduku la plasta na kipande cha zulia alichokiweka mke wangu kwa ajili ya magoti yake. Nimetoa ndoo ya kuchotea maji: gramu mia sita na arobaini. Mashua inayokwenda kasi haiingizi maji. Ndoo ni kukata tamaa mapema.

Mke wangu akauliza zulia liko wapi. Nikasema linafuliwa.

Kuhusu kufoka, nimepata dawa. Filimbi. Karatasi ya friji inataja kufoka, haisemi neno juu ya filimbi. Mlio mmoja: legeza kamba. Miwili: vuta. Mitatu: hamia upande wa pili. Minne: umechelewa.

Tukafanya mazoezi sebuleni, yeye kakaa kwenye mkono wa kochi, mimi nyuma na ufagio wa usukani. Milio kumi na minane, alikosea mitano tu. Jirani akaja kuuliza kama tumefungua uwanja wa mpira. Mke wangu akamwambia hapana, dada, ni ndoa.

Ijumaa, 16 Agosti

Usajili. Katibu wa klabu ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu, na bado anatugawia fomu kana kwamba tutatazamiana. Nimepewa kibao namba saba. Daktari kumi na mbili.

Lazima nieleze vibao, kwa sababu vina mkono wangu. Ukutani mwa klabu kuna ubao wenye misumari. Kila nahodha huchukua kibao chake kabla ya kuingia majini, akirudi anakitundika. Msumari mtupu maana yake mtu bado yuko ziwani, atafutwe. Zamani ukisahau, Mwalimu anakusema mbele za watu, basi. Mwaka jana kwenye mkutano mkuu nikatoa hoja: nusu saa baada ya honi ya mwisho, asiyetundika aongezewe pointi tano kwenye jumla, na zisifutike. Nikazungumzia usalama mpaka mama mmoja akajifuta macho.

Sababu halisi: msimu ule Daktari alisahau mara tatu. Akitoka majini anakwenda moja kwa moja kwenye chai. Siku moja nikamwona msaidizi wake akimtundikia, ndipo nikaongeza maneno haya: nahodha mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Ikapita kwa kura kumi na moja dhidi ya tisa. Ni kanuni ya saba. Nimeiandika mimi.

Sasa mpango wenyewe. Daktari hawezi kulipita jino linalouma. Hawezi kabisa. Kwenye harusi ya mpwa wake alimkagua bibi harusi gego kabla keki haijakatwa. Kwa hiyo Jumapili, honi ya mwisho ikilia, nitashika shavu langu la kulia na kuugua. Nusu saa. Pointi tano.

Nimejaribu uso wa maumivu mbele ya kioo cha bafuni. Mke wangu akapita, akasema huo ni uso wangu wa kila siku ya mashindano.

Jumamosi, 17 Agosti

Upepo mzuri. Siku mbaya.

Raundi ya kwanza. Mashua zote zinazunguka nyuma ya mstari zikisubiri honi ya Mwalimu. Zikiwa zimebaki sekunde ishirini nikaona kamba ya mke wangu imekaza mno. Nikapuliza mlio mmoja: legeza. Mashua kumi na tano zikavuka mstari.

Kumbe watu wakisikia mlio wowote wanadhani ni honi. Mwalimu akaturudisha wote. Akaja na boti yake ya injini mpaka ubavuni, akanyoosha kiganja bila kusema, vile vile kama mtu anayedai ubani wa kutafuna darasani. Nikampa filimbi. Wakili, yule mwanamke anayeshindana kwa glavu nyeupe na kukumbuka kila neno, akauliza kwa sauti kama Fundi anaongoza na magari leo.

Tukaanza upya. Sina filimbi, na kamba bado imekaza. Nikasema legeza. Nikasema kwa nguvu kidogo. Mke wangu akanyoosha kidole kimoja bila kugeuka. Tukamaliza wa tatu. Daktari wa kwanza, Wakili wa pili.

Raundi ya pili nikanyamaza kwa hasira. Wa kwanza! Daktari wa pili, Wakili wa tatu. Nadhani ni lile kasia.

Raundi ya tatu mawimbi yakaanza kuingia. Maji kwenye vifundo. Maji kwenye miundi. Mke wangu akauliza ndoo iko wapi. Nikamweleza habari ya gramu mia sita na arobaini. Akanitazama muda mrefu kuliko ilivyo salama kwenye upepo ule, kisha akavua kofia yake akaanza kuchota. Kofia ile ina matundu ya hewa. Nikamwambia aharakishe. Kidole cha pili.

Tukafika wa sita, tumezama hadi ukingoni, watu ufukoni wanapiga makofi kama kwenye mazishi ya mtu maarufu. Daktari wa kwanza tena, Wakili wa pili. Nilipokuwa natoa maji, Daktari akaja na ndoo yake. Nzuri, ya bluu. Akasema chukua, ndugu yangu, ninazo mbili.

Mbili. Na bado ananishinda. Hii inahitaji kupimwa.

Hesabu ya leo: mimi tatu, moja, sita. Yeye moja, mbili, moja. Sita itafutwa. Bado napumua. Kufoka kumebaki kumoja.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika kwa shida, shavu limevimba. Nitaandika kwa mpangilio ili haki ionekane.

Saa mbili asubuhi tunateremsha mashua. Mke wangu kaja na ndoo yake kutoka jikoni na kipande cha zulia, ambacho amekikuta kwenye buti la gari, kikiwa hakijafuliwa. Gurudumu la mkokoteni likanikanyaga kidole cha mguu. Nikatoa sauti. Nilidai haikuwa kwake, ilikuwa kwa gurudumu. Akauliza gurudumu linaitwa Mama Watoto tangu lini. Kidole cha tatu.

Kufoka kumeisha, raundi mbili zimebaki. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nikakata kipande cha kamba, urefu wa sentimita kumi na mbili, nikaking'ata. Mtu aliyeng'ata kamba hawezi kufoka. Nimeshangaa hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Raundi ya nne. Kila nilipotaka kusema vuta, alikuwa ameshavuta. Nilipotaka kusema tugeuke, alikuwa ameshahamia upande wa pili ananisubiri. Mara moja akanyoosha mkono kuelekea kushoto, palipokuwa na upepo ambao mimi sikuwa nimeuona. Sikuwa na namna ya kumpinga, nikaenda. Wa kwanza. Wakili wa tatu, Daktari wa tano.

Raundi ya tano, hivyo hivyo. Nikawa nang'ata kamba kwa nguvu zote, kwa sababu mambo mengi sana yalihitaji kusemwa na yote yalikuwa yakifanyika. Wa kwanza tena. Daktari wa nne, Wakili wa tano. Tulipovuka mstari mke wangu akacheka. Sijamsikia akicheka chomboni miaka mitano au sita. Akageuka akasema, unaona?

Nikatoa kamba mdomoni nikamwambia naona. Kamba inanyoosha shingo, na shingo iliyonyooka inausoma upepo. Akaacha kucheka.

Nikapiga hesabu kwa kalamu kwenye mkono, mara tatu. Mimi: tatu, moja, moja, moja. Sita. Daktari: moja, mbili, moja, nne. Nane. Wakili: mbili, tatu, mbili, tatu. Kumi.

Nimekuwa bingwa. Kwa pointi mbili.

Hapo ndipo watu watasema ningeishia. Lakini pointi mbili ni ushindi wa kubahatisha. Pointi saba ni ushindi wa heshima. Halafu mpango ulikuwa tayari, uso ulishafanyiwa mazoezi, na upepo wa siku zote uko upande wake. Nani anajua karatasi za Mwalimu zitasema nini? Bima si dhambi.

Honi ya mwisho ililia saa nane na dakika kumi. Mwisho wa kutundika: saa nane na dakika arobaini. Kibao namba saba kilikuwa mfukoni mwangu. Nilipanga nikitundike kwanza, ndipo niumwe. Lakini nikamwona Daktari anatoka majini, na safari hii, badala ya kwenda kwenye chai, anaelekea ubaoni na kibao chake mkononi. Ikabidi niumwe papo hapo.

Nikashika shavu la kulia nikaugua. Akasimama kama mbwa aliyesikia jina lake. Akasema pole, ndugu yangu, tangu lini, upande upi, njoo. Akanishika taya kwa mkono mmoja, akaniongoza kwenye chumba cha huduma ya kwanza.

Kosa la kwanza: sikupima ramani. Chumba cha huduma ya kwanza mlango wake unatazamana na ule ubao. Daktari akapita, akanyoosha mkono wake usio na taya, akatundika kumi na mbili bila hata kutazama.

Kosa la pili silikubali kuwa kosa. Ningeweza kutundika changu pale pale. Lakini mtu mwenye maumivu makali hasimami kutundika vibao. Angenigundua. Nikaugua nikapita.

Akanikalisha chini ya dirisha, akaniambia fungua. Nikafungua. Akagonga upande wa kulia, jino moja moja, kwa mpini wa kijiko cha chai. Akasema ajabu, huku meno yote mazima. Nikaona mpango unaingia maji, nikaugua zaidi. Akasema ngoja nione upande wa pili. Akagonga kushoto.

Sijui nilisema nini. Watu wa kwenye chai wanasema walisikia.

Gego la kushoto limepasuka katikati. Daktari akauliza kama nimeng'ata kitu kigumu hivi karibuni. Sikuweza kumjibu, vidole vyake viwili vilikuwa mdomoni mwangu pamoja na pamba. Akasema nisifunge mdomo, akanawa mikono, akatuma iletwe barafu, akaanza kusafisha polepole, kwa upole, huku akinieleza juu ya mizizi. Yule bwana ana upole wa kuua mtu.

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake. Saa nane na dakika ishirini na tano. Mlango wazi. Naona ubao. Misumari yote ina vibao isipokuwa mmoja. Namba saba. Nikanyoosha kidole. Daktari akadhani nauliza habari za barafu.

Dakika thelathini na tatu. Nikasema kibao. Kwa mdomo ulio wazi kibao kinatoka kama mlio wa mbuzi. Akasema najua, inauma, vumilia.

Dakika thelathini na nane. Mke wangu akapita mlangoni na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa changu, nakijua, kina mpasuko. Nikapiga hesabu ya haraka. Kutundika lazima iwe kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo kumpa kibao hakusaidii. Mkono wangu hauwezi kwenda ubaoni. Basi ubao uje mkononi.

Nikafunga mdomo. Kwenye vidole vya Daktari, ndiyo, nimeshaomba radhi. Alipovichomoa nikafoka kwa pumzi yote niliyoiweka akiba tangu asubuhi: ng'oa huo ubao uulete huku, we mwanamke, umesimama kama nguzo!

Mke wangu akaweka vikombe juu ya meza, taratibu, kimoja baada ya kingine. Akanyoosha kidole cha nne. Kisha akamgeukia Daktari, aliyekuwa anatikisa mkono wake hewani, akamuuliza mazoezi yao huwa siku gani. Daktari, kwa adabu, akamwambia Jumanne, shemeji, lakini kwanza tumtibu bwana.

Nikaruka. Pamba inaning'inia, kiatu kimoja. Hatua sita mpaka ubaoni. Nikatundika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu alikuwa amesimama pale na saa yake. Saa nane na dakika arobaini na moja.

Nilimweleza habari ya jino. Alihuzunika kweli. Akasema Fundi, kanuni hii uliiandika wewe, na mwandiko wako ninao kwenye faili. Nikamgeukia Wakili anisaidie kutafuta mwanya. Akaisoma mara mbili. Akasema imeandikwa vizuri sana, haina mwanya popote. Kwa sekunde moja nilijivuna.

Matokeo: Daktari nane, Wakili kumi, mimi kumi na moja. Wa tatu. Hata yule wa glavu kanipita.

Mke wangu aliendesha gari, mimi na barafu shavuni. Hakulia. Ningependelea alie, kulia nimekuzoea. Tulipofika kwenye taa akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama raundi mbili za mwisho sikugundua kitu chochote kabisa. Nikamwambia nimegundua: kamba ilikuwa ngumu mno. Mwakani nitatumia mpira.

Akawasha redio.

Alhamisi, 22 Agosti

Jino limeng'olewa. Kikombe kipo pale pale kati ya magazeti na taya, na mimi nilikaa nacho uso kwa uso dakika arobaini nikisubiri zamu. Kinavuja bado. Mtu kapanda ua humo, maji yanadondokea meza.

Daktari aling'oa vizuri, siwezi kumsingizia. Kidole chake cha kati kina plasta. Alisema shemeji alifanya mazoezi juzi na kwamba ana macho ya upepo ambayo hajawahi kuyaona. Akaniuliza kama nilikuwa nikilijua hilo. Nilikuwa na pamba mdomoni, nikatikisa kichwa namna ambayo mtu anaweza kuielewa anavyotaka.

Mke wangu ananisalimia, anapika, anauliza hali ya jino. Ameondoa karatasi kwenye friji. Nilifurahi mpaka nilipoona amebandika mpya: ratiba ya mazoezi ya Jumanne. Kwenye friji yangu mwenyewe, siri za mashua ya adui. Nimezinakili zote. Daktari hajui kwamba amechukua jasusi. Wala mke wangu hajui, ila nyumba ni moja.

Kwa mkutano mkuu nimeandaa hoja mbili. Ya kwanza, kanuni ya saba iongezewe msamaha kwa maumivu ya meno yaliyothibitishwa na daktari asiye mshindani. Ya pili, neno kufoka lifafanuliwe na klabu, kwa kiwango cha sauti, na lisihusishe sauti zinazotolewa kwa magurudumu, kwa upepo, au na mtu mwenye pamba mdomoni.

Jino nimeliomba, nimelileta karakana, nimelipima. Gramu mbili. Mke wangu kilo sitini na moja, zulia nusu kilo. Mashua imepungua kilo sitini na moja, gramu mia tano na mbili kwa wiki moja, bila kutoa hata skrubu. Kwa sekunde nne kwa kilo, hiyo ni zaidi ya dakika nne kwa raundi. Sijawahi kuwa karibu na kikombe kiasi hiki.

Kinachobaki ni msaidizi, kwa kuwa kanuni inataka watu wawili. Nimeshaandika tangazo la kubandika klabuni. Awe mwepesi. Asiwe na maoni juu ya upepo. Na kwao kusiwe na friji.